Jino la Mkarimu

...na eti mkarimu, Kinyozi anasema huyu ni mtu mkarimu, ukiyatazama tu meno ya juu yalivyokaa, mwenye mwanya wa namna hii hana choyo, anakula na watu, na mimi nimelishika taya hilo la plasta, nakala ya mdomo wake, mkononi nasema moyoni mkarimu wa nini, labda mkarimu wa maneno, maana hayo aliyagawa mpaka kwa majirani... hapa karakana ya meno hatuletewi jina la mgonjwa, tunaletewa namba na mdomo, kwa hiyo midomo tunaibatiza wenyewe, tuna Sungura, tuna Bibi Harusi, tuna Ngazi Mbovu, na huyu Kinyozi keshambatiza Mkarimu, kamnyoa plasta zilizozidi pembeni taratibu huku akimsifia, ndiyo kazi yake hiyo na ndiyo maana tunamwita Kinyozi, na hajui, masikini ya Mungu, kwamba mdomo anaousifia nimelala nao mto mmoja mpaka asubuhi moja ulipoamka ukaniambia unakwenda kupumzisha akili, akili! akili gani ile iliyochoka, haijawahi kufanya kazi hata siku moja, na akaenda kuipumzisha moja kwa moja kwa yule wa manukato, yule anayesikika harufu kabla hajafika, mxiu... "Basi shemeji si akaja tena jana," Kinyozi anasema kutoka meza yake, "na ile pasi yake ya nguo, mbovu," namjibu ehee, bila kugeuka, shemeji yake simjui na sina haja ya kumjua, mimi nina mdomo mkononi.

Mwanzo nilijidanganya, lilipoletwa taya la juu peke yake nikaona mwanya na pengo pembeni yake, nikasema mwanya si mali ya mtu mmoja, nusu ya mji huu wana mwanya, fanya kazi mama, nikafanya, nikaanza kulijenga jino tabaka kwa tabaka, ila leo ndiyo siku ya kulikutanisha taya la juu na la chini kuona yanavyoumana, nikalifungua la chini kwenye karatasi yake, na hapo hapakuwa na cha kujidanganya tena, yale mawili ya mbele yaliyopandiana kama watu wanaogombea benchi, na lile chonge la kushoto limemeguka ncha, chonge la kufungulia soda, maana bwana huyu hakuwa anafungua chupa kwa kifungulio kama binadamu wengine, wapi! kila wageni wakija lazima aing'ate chupa, paa! kizibo kinaruka, watu wanacheka, anazunguka sebuleni anajiona simba, na mimi nimesimama na kifungulio mkononi kama mjinga, nasema mume wangu kifungulio hiki hapa, ananiambia acha uoga wewe... uoga, haya, kiko wapi sasa, chonge lilipomeguka akahamia meno ya mbele, sikuwepo kuona lakini sihitaji kuambiwa, najua wageni walivyocheka, na yule wa manukato alivyopiga makofi, mpaka jino likapasuka hadi mzizini, likang'olewa, daktari akatoboa taya akakaza skrubu ya kubeba jino jipya, miezi kadhaa mfupa unaikumbatia ile skrubu, miezi yote hiyo simba anatembea kafunika mdomo kwa kiganja kama mwari, ningependa kuona, kwa kweli hicho ningependa kukiona.

"Daktari kasisitiza lakini," Kinyozi anasema, "mwanya uzibe, jino lijae, mgonjwa mwenyewe hataki uonekane," najua, najua, nimeshaambiwa, nimeshalijaza, hataki uonekane! ebo! mwanya uliomtongozea nusu ya dunia leo umekuwa aibu, yule wa manukato atakuwa amemwambia meno yawe kama ya kwenye matangazo, ukuta mweupe kutoka sikio hadi sikio, na yeye anajibu ndiyo mama, ndiyo mama, mtu asiye na uti wa mgongo hata wa plasta... na mwanangu nyumbani kila akipiga mswaki anajitazama kwenye kioo, anapitisha ncha ya ulimi kwenye mwanya wake, anasema mama, huu ni wa baba, si ndiyo, namjibu ndiyo, wa baba, nasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na moyo wangu unakuwa kama umebanwa na mlango, kwa sababu zaidi ya huo mwanya hana alichompa, hata sikukuu hapigi simu, na huo mmoja aliompa nao anauziba kwa kaure, kwa mkono wangu mimi, hata haya hana, lakini hajui kwamba ni mkono wangu, angejua angebadilisha daktari, au asingebadilisha, angeona ni sawa tu, siku zote aliona ni sawa mimi nimfanyie.

Haya, tuone, nalivisha jino kwenye chuma chake, linakaa, linakaa vizuri jamani, nisijisifu lakini linakaa, rangi imekubali, hata ule umanjano kidogo karibu na ufizi nimeupata, nauweza kwa sababu naujua, naweka karatasi ya rangi katikati, nayagonganisha mataya, kap, kap, na mlio huo... ndivyo alivyokuwa akiyagonga meno usingizini, nilikuwa naamka nasikiliza, naweka mkono kwenye shavu lake anaacha, asubuhi ananiuliza mbona macho mekundu, hulali?... nalitoa, nageuza, hilo hapo, mgongoni mwa jino, doa la buluu, dogo kama punje ya chumvi, hapo ndipo jino la chini linapoligusa kabla meno mengine hayajagusana, maana yake limezidi, limezidi kwa unywele, kazi iliyobaki ni kuwasha mashine ya kusagia na kulipapasa hapo kidogo tu, mara moja, doa liondoke.

Nisipolipapasa je... jino la kuzaliwa nalo lina godoro lake kwenye mfupa, ukiuma nalo vibaya linabonyea, linakushtaki, unashika shavu unasema aa, hapa pana kitu, lakini jino la skrubu halina godoro, halisikii kitu, linapigwa kila ukitafuna na mwenyewe hana habari, anacheka, anapiga picha, na huku chini skrubu inalegea, mfupa unakwisha polepole kuizunguka, kimya kimya, kama mtu anayepumzisha akili... loo, ingekuwa vizuri, ingekuwa vizuri mno, na nani atajua, daktari ataangalia, ndiyo, atamwambia uma, uma tena, unasikiaje, na bwana huyu atajibu safi kabisa daktari, hata hajasikiliza, hajawahi kusikiliza swali mpaka mwisho tangu azaliwe, na daktari ana foleni ya watu hadi kwenye ngazi, atampigapiga bega aende zake, unywele mmoja tu, na mimi sijafanya kosa lolote, nimeacha tu, kuacha si kosa, yeye si aliacha? akasimama mlangoni na begi, akaniambia utakuwa sawa wewe, wewe ni mwanamke shupavu, shupavu! nilimchukia kwa neno hilo kuliko begi, basi na yeye awe shupavu, aumwe, aamke siku moja akute simba ana pengo tena, na yule wa manukato azibe pua... kidole changu kiko kwenye swichi ya mashine, sijabonyeza, sioni hata kwa nini niharakishe.

"Unanisikiliza lakini?" Kinyozi anauliza, nakusikiliza, pasi, shemeji, "sasa kosa ni langu," anasema, "ile pasi siku ya kwanza niliitengeneza juu juu, nikafunga waya kwa gundi, nikajua nimemkomoa, kumbe nimejikomoa mwenyewe, kila ikifa anarudi nayo, akirudi anakaa, akikaa anakula, sasa ana kiti chake kabisa, mke wangu anasema ulivyo mpweke wewe labda unampenda," anacheka mwenyewe, anapuliza vumbi la plasta, na mimi sicheki... angerudi, bila shaka angerudi, skrubu ingelegea, angekwenda kwa daktari, daktari angempima upya, na namba yake ingerudi kwenye meza hii, na mdomo wake, ningeufungua kwenye karatasi, ningeushika, ningeyagonganisha mataya kap kap nisikilize, na ningeacha unywele mwingine, na angerudi tena... subiri, subiri kidogo wewe mwanamke, tangu asubuhi kuna midomo mingine mitatu minne hapo inakungoja, Sungura anangoja, Bibi Harusi anangoja, na wewe umekaa na huyu, hukwenda kula, plasta imepata joto la kiganja chako, joto kabisa, ipo kama shavu... kumbe si aumie, kumbe hata sitaki aumie, nataka arudi, Mungu wangu, mimi, mimi niliyemtukana kila siku nikifua, nikipika, nikifagia, nikasema simtaki hata bure, nimekaa hapa nampangia njia ya kurudi, tena si mlangoni kwangu, hapana, hata huko nimeshakata tamaa, arudi mezani tu, arudi plasta, nimeridhika na plasta... nyoo! aibu gani hii, namdharau yeye kwa kusema ndiyo mama kwa yule wa manukato, na mimi nasema ndiyo bwana kwa mdomo usio na hata ulimi, na inauma, acha niseme, inauma, inauma kuliko siku ile ya begi, kwa sababu siku ile nilikuwa na yeye wa kumlaumu.

Basi, sikiliza wewe bwana, jino lako bado liko kwenye kidole changu na doa lake bado liko mgongoni, Kinyozi bado anasimulia pasi, kidole kingine bado kiko kwenye swichi, hakuna kilichosogea humu ndani, lakini nitalisaga hilo doa, nitalisaga mpaka karatasi ipite bila kuacha alama, nitaling'arisha mpaka ulimi wako usilitofautishe na jino ulilozaliwa nalo, utafune nyama, ucheke na wageni, umbusu huyo unayembusu, ulale nalo, uzeeke nalo, lisikulegee, lisikuume, lisikupe sababu yoyote, hata moja, ya kuletwa tena hapa.