Mbebaji wa Sita

Delmar Kuhlmann alikuwa amebeba majeneza arobaini na moja mjini Farnell, na hakuwahi kuangusha hata moja. Sasa, na miaka yake themanini na minne, alikuwa anatafuta watu sita wa kulibeba lake. Farnell ni makao makuu ya kaunti: pana mahakama, ghala la ngano refu kuliko kanisa, na mkahawa mmoja. Vijana wamehamia Denver, wana wa Delmar wakiwamo.

King'ora cha mji cha kutangaza saa sita mchana kilipolia, aliikunjua orodha yake mkahawani, akalikata jina la Ervin, waliyemzika jana.

"Wamebaki watano," alimwambia Twyla, mhudumu. "Jeneza litakwenda upande."

"Na huyu Leland kwenye orodha? Si anatembelea mkongojo?"

"Mkono wa pili una kazi gani?"

"Haya, na wa sita nani?"

Delmar alivitazama viti vitupu vya meza aliyozoea kukaa na wenzake, kisha barabara, ambayo haikuwa na gari hata moja.

"Wewe una mabega, Twyla."

"Mzee wewe! Na mgongo wangu huu?"

Hata hivyo alichomoa kalamu sikioni, akaandika jina lake chini kabisa. Kisha akaiondoa pai ya cheri mbele ya Delmar.

"We Twyla! Sijamaliza!"

"Umemaliza. Kama mbebaji ni mimi, nataka mzigo mwepesi."

Delmar akacheka peke yake, akaikunja orodha, akaomba kahawa nyingine ili achelewe kurudi nyumbani.