Sauti ya Kwanza

Studio ya Muasya iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Voi, na atakayekuambia ni studio ya maana amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuta zimefunikwa magunia ya mkonge ili kelele za malori zisiingie, na joto likishaingia halitoki. Lakini humo ndimo Wakesho alimorekodia albamu yake ya kwanza ya jazi, nyimbo alizotunga mwenyewe baada ya miaka ya kuwaimbia watalii nyimbo za watu wengine katika hoteli za mbugani. Alasiri hiyo walikuwa wameketi kuisikiliza yote, mara ya mwisho kabla haijatoka.

Wakesho alifumba macho. Kwake ilikuwa tamu kuliko alivyothubutu kuomba. Sauti mbili zilipanda na kushuka pamoja, moja juu na moja chini, naye akahisi baridi ya Chawia, kwao milimani, mikononi ijapokuwa Voi nzima ilikuwa ikiwaka.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Muasya hakupiga makofi. Alijikuna kidevu.

"Wakesho, hizi nyimbo ni tamu, usinielewe vibaya. Lakini kuna mtu hayuko."

"Mtu gani? Besi iko, dramu ziko, Onesmus huyo hapo na saksafoni yake."

Onesmus aliinamisha kichwa. "Mimi pia, ukweli nisiufiche. Kila nikitaka kupuliza naona ni kama nimsubiri mtu apite kwanza. Halafu hapiti."

Wakesho alidhani wanamtania. "Kwani nyinyi hamumsikii?"

"Nani?"

Alicheka, kisha akaona wenzake hawacheki. Muasya akaurudisha wimbo wa kwanza mwanzo, akamwambia aimbe kile anachokisikia. Wakesho akaimba polepole, juu ya sauti yake mwenyewe iliyokuwa ikitoka kwenye spika, na ulikuwa wimbo mwingine kabisa, wa juu, uliojaa kona. Onesmus aliweka saksafoni chini.

"Huo ndio wimbo wenyewe!" Muasya akasema. "Hii uliyorekodi wakati huu wote ni sauti ya pili!"

Hakukosea. Kule Chawia, katika kwaya ya kanisa, dada yake Tryphena ndiye aliyeshika sauti ya kwanza, na Wakesho alimfuata chini kwa ya pili. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale: wakipalilia maharagwe, wakichota maji, wakigombania blanketi moja kitandani, Tryphena huanza na Wakesho hufuata. Tryphena alipofariki, kwa homa iliyoanza kama mchezo, walimzika, lakini sauti haikuzikwa. Ilibaki kichwani mwa mdogo wake, ikianzisha wimbo kila alipoosha vyombo. Hakuwahi kumwambia mtu. Watu wa kwetu hawakawii kukuitia mchungaji. Alizoea hata akasahau kwamba wengine hawaisikii, na hivyo ndivyo mwanamke mwenye akili zake timamu alivyotunga albamu nzima ya sauti ya pili.

"Basi iimbe," Muasya akasema. "Tuiweke juu ya hii. Ni kazi ya leo tu."

"Siwezi."

"Si umeimba sasa hivi?"

"Nikiimba mimi sehemu yake, yeye ataimba nini?"

Muasya alipotaja kwamba angeweza kumwita Shanice wa kwaya ya mjini, Wakesho alimkazia macho hadi akajifanya anatafuta waya.

Akatoka uani kumpigia mama yake simu. Alikusudia kuuliza habari za mahindi tu. Badala yake akasema, "Mama, unakumbuka Tryphena alivyokuwa akiimba?"

Kuku walisikika nyuma ya mama.

"Sura yake ninayo, mwanangu. Mwendo wake ninao. Sauti imenitoka. Huwa naitafuta nikiwa shambani, na inakuja yako peke yake."

Wakesho alibaki amesimama, akiutazama mlima Sagalla ukitetemeka ndani ya joto. Kumbe katika dunia nzima sauti ile haikuwa na nyumba nyingine ila kichwani mwake. Hakuna aliyewahi kuirekodi. Alimwonea mama yake uchungu, na aliogopa, akaingia hivyo hivyo na woga wake. Akavaa hedifoni, akamwambia Muasya azime taa.

Gizani magunia yalinukia mkonge na mvua ya zamani. Sauti yake ya pili ikaanza masikioni, nayo ya kwanza ikamjia kama kawaida, ila mara hii aliifungulia mdomo. Ilikuwa rahisi mno hadi akashtuka. Ukungu wa Chawia ulishuka mle ndani, ukafunika nyaya na maiki. Miguu yake ikahisi umande wa njia ya mtoni. Mbele yake alikwenda mtu aliyejifunga kanga shingoni, hageuki, anaimba, na kwa kila mstari Wakesho alioutoa, yule mtu alisogea mbali kidogo. Alijua kinachotokea. Aliendelea kuimba, wimbo baada ya wimbo, na wa mwisho ulipokwisha ukungu ulikuwa mzito hata hakumwona tena.

Taa ilipowashwa, Onesmus alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha saksafoni na kulaumu vumbi. Muasya akaweka wimbo mmoja, naye Wakesho akampigia mama yake tena, akaielekeza simu kwenye spika. Sauti mbili zilijaza chumba.

"Ndiye," Mama akasema. Alikuwa akilia na kucheka. "Ni Tryphena. Na wewe uko chini yake, kama siku zote. Mungu wangu, ndiye."

Wakesho alitoka tena uani. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Akaimba sauti ya pili kwa upole, mstari wa kwanza, akaisubiri ile ya kwanza imjie. Akaimba tena. Lori lilikuwa likirudi nyuma dukani, fundi alikuwa akipiga nyundo, na hakukuwa na kingine.

Alilia bila kujificha. Kisha akarudi mlangoni.

"Muasya," akasema, "hebu niwekee tena. Nataka kumsikia."