Mtihani wa Chumba Namba Nne

"Wawili?" Kuruthumu aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Mmoja."

"Anakuja baadaye?"

"Nimesema mmoja. Mimi."

Hapo msichana wa mapokezi akainua macho. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka arobaini na moja, gauni la kitenge limepigwa pasi, kilemba kimefungwa barabara, begi la kompyuta limebanwa kwapani. Ilikuwa saa tano asubuhi, kwenye gesti ya uchochoroni nyuma ya soko la Kariakoo.

"Anti, nisikufiche. Wanaokuja hapa mchana hawaji peke yao."

"Nataka chumba chenye mlango unaofunga na soketi yenye umeme. Kwa muda wa saa nne. Kipo?"

Kuruthumu akamsogezea daftari la wageni. Mgeni, Candida, akaandika jina lake kamili, namba ya simu, na kwenye safu ya kazi akaandika: Mwanafunzi. Alikuwa mtu wa kuandika kweli kwenye fomu. Kwa miaka kumi na miwili shirika la misaada analofanyia kazi lilimtuma kuwajazia fomu wanawake wa soko la Mchikichini, na kila mara aliwaambia: semeni kweli, fomu haimli mtu.

"Wote wanaandika hivyo hivyo," Kuruthumu akacheka. "Kuna mtu unafahamiana naye huku? Serikali ya mtaa? Polisi?"

"Wa nini?"

"Nauliza tu." Akamtupia ufunguo. "Namba nne. Mlango wa kwanza kulia."

Chumbani mlikuwa na kitanda, mito miwili, pangaboi lisilozunguka, na kioo kirefu kilichotazama kitanda. Meza hakuna. Candida alifunga mlango kwa ufunguo, akavua viatu, akaketi kitandani na kuiweka kompyuta juu ya kiti cha plastiki. Akachomeka modemu.

Nyumba anayopanga Magomeni ina vyumba vinane vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja. Mtihani uliopita aliufanyia huko. Mtoto wa mpangaji mwenzake alisukuma pazia akaomba kiberiti, na chuo chake cha Ulaya kikamwandikia onyo: akionekana tena mtu mwingine kwenye kamera, atafutwa masomo. Miaka miwili na nusu ya shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa, yote kwa mtandao, na alikuwa amebakiza mtihani mmoja.

Alimwomba Hillary, meneja wake, chumba cha mikutano kwa saa tatu tu.

"Mdogo wangu, ofisi si chuo," Hillary alimjibu. "Wenzako watasemaje?"

"Bosi, nafasi ya mratibu mmeandika lazima mtu awe na uzamili."

"Si mimi. Wafadhili ndio wanataka."

"Mradi wenyewe nimeuandika mimi."

"Na umeuandika vizuri sana." Akarudi kusoma barua pepe zake.

Nafasi hiyo ilikuwa imekwisha chukuliwa mara mbili na vijana ambao Candida ndiye aliyewaonyesha njia ya kuingilia sokoni. Ilikuwa inatangazwa tena baada ya miezi miwili. Basi akachukua likizo ya siku moja, akaja gesti.

Saa sita kasoro kumi sura ya msimamizi wa mtihani ikatokea kwenye skrini: kijana wa kizungu, ndevu nyekundu. Kwa Kiingereza cha upole akamwamuru aizungushe kompyuta. Kuta. Dari. Mlango.

"Funika kioo, tafadhali."

Candida akavuta shuka kitandani, akalitundika juu ya kioo.

"Chini ya kitanda."

Akapiga magoti na kamera. Kandambili moja ya kiume, paketi tupu ya kondomu.

"Vua kilemba, nione masikio. Kunja mikono ya gauni. Ahsante. Hapo ni nyumbani kwako?"

"Hapana. Nyumbani sina chumba kitupu."

"Sawa. Ukisema, ukisimama, au akionekana mtu yeyote, nitafunga mtihani."

Swali la kwanza lilimtaka aeleze kwa nini miradi mingi haiwafikii wanawake maskini wa mijini. Candida hakuhitaji kufikiri. Aliandika kwamba semina huitishwa saa nne asubuhi, muda ambao marobota ya mitumba yanafunguliwa. Anayekwenda semina anakosa nguo nzuri za kuuza. Kwa hiyo anayehudhuria ni yule mwenye mtu wa kumwachia biashara, si maskini. Maskini huyo hahesabiwi, kisha ripoti inasema amefikiwa. Aliandika kwa hasira na vidole vilikimbia. Kwa mara ya kwanza alijua atafaulu.

Saa saba na nusu mlango ukagongwa. Hakuitika.

"Fungua! Serikali ya mtaa!"

Hakuitika. Ufunguo wa akiba ukazunguka kutoka nje. Wakaingia mtendaji wa mtaa na mgambo wawili. Kuruthumu alibaki mlangoni, anatazama miguu yake.

"Mwanaume yuko wapi?"

Candida aliendelea kuandika. Sentensi moja. Ya pili.

"We mama, unaulizwa!" Mgambo mmoja akainama, akaiona skrini. "Mtendaji, njoo uone! Mwanaume huyu hapa. Mzungu!"

"Lo!" mtendaji akasema. "Siku hizi mnajiuza kwa mtandao."

"Tazama, kilemba kavua, shuka katoa. Huyu wa kimataifa!"

Candida akaiinamia kompyuta. "Waambie nafanya mtihani," alisema kwa Kiingereza. "Tafadhali. Wewe waambie tu."

"Kuna watu chumbani," kijana alisema. "Kanuni haziniruhusu kuzungumza na watu wengine. Nafunga mtihani. Nasikitika."

Sura ikatoweka.

"Kakimbia," mgambo akasema. "Mteja gani huyo?"

Ukutani, upande wa namba tano, mwanaume na mwanamke walikuwa wanacheka. Hakuna aliyewagongea.

"Na hao?" Candida akauliza.

"Usitufundishe kazi," mtendaji akasema. "Operesheni ya machangudoa inataka watano, tunao wanne."

"Binti, waambie niliandika nini kwenye daftari."

"Mwanafunzi," Kuruthumu alisema kwa sauti ndogo. Mgambo wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa na benchi moja, na juu yake wanawake wanne. Mmoja alisogea kumpisha.

"Dada Candida! Na wewe?" Alikuwa Zamda, muuza chapati, aliyewahi kuhudhuria semina yake. "Mimi nimepeleka chapati gesti, wakanibeba na beseni langu. Hivi ile semina ulisema tukikamatwa tufanye nini?"

"Muulize kosa lenu ni nini."

"Ehe. Nimeuliza. Nimepigwa kofi."

Candida akaomba kupiga simu.

Mtendaji alimruhusu simu moja. Akampigia Hillary.

"Gesti?" Hillary akasema. "Mchana huu?"

"Njoo uwaambie mimi ni nani. Ni hilo tu."

"Mdogo wangu, naomba jina la shirika lisitajwe huko." Simu ikakatika.

"Kesho asubuhi mahakamani," mtendaji akasema. "Au tuyamalize hapa hapa. Mwenye macho anaona."

"Kwa kosa gani?"

"Wewe naona utalala hapa." Akavuta fomu. "Kazi?"

Candida alikaa kimya. Mtendaji akaijaza mwenyewe.

Kompyuta yake ilikuwa mezani, wazi, taa ya modemu bado inawaka, kipande cha karatasi kimebandikwa juu yake: Kidhibiti cha kesi. Ikalia ting. Mtendaji akaigeuza, akayatazama maandishi ya Kiingereza, akaigeuzia kwake.

"Soma. Anasemaje mzungu wako?"

Candida akasoma. "Anasema wanathamini maoni yangu. Anauliza huduma ya mtihani wa leo ilikuwaje. Niwape nyota."

"Nyota ngapi?"

"Kuanzia moja mpaka tano."

"Mpe zote, labda atatuma hela."

Mgambo wakacheka. Mtendaji akairudisha kompyuta upande wake, akatanguliza kidole kimoja kinene, akabonyeza. Nyota zikawaka njano moja baada ya nyingine, zote tano.