Gauni la Taaka

Mzee alitokea nyuma ya nyumba, upande wa kamba za nguo, mahali ambapo mgeni hapiti. Amuge alikuwa ameinamia beseni, mikono imezama povuni hadi viwikoni. Alipoinua macho alimkuta amesimama katikati ya mashuka mawili ya memsahibu, kofia mkononi, furushi la gazeti kwapani, miguu imejaa vumbi jekundu la barabara ya Busia.

"Hodi, mama."

"Karibu, mzee. Lakini hodi hupigwa mbele."

"Mbele kuna mbwa."

Ochen, mpishi wa nyumba ile, alichungulia dirisha la jikoni. "Mbwa yule hali wazee. Amezoea nyama ya mkebe."

Mzee hakucheka. Alisema anaitwa Mangeni, naye anamtafuta Amuge, kwa maana wafagiaji wa hospitali ya Tororo wamemwambia kuwa hakuna doa linalomshinda mwanamke huyo.

Amuge alijifuta mikono polepole. Sifa hiyo ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Mume alikuwa amefariki, mtoto hakujaliwa, na shamba la Kiyeyi lilikuwa limerudi kwa shemeji zake. Kwa miaka tisa alikuwa dobi katika nyumba za Wazungu chini ya mwamba wa Tororo. Alikuwa ameng'oa madoa ya mvinyo, ya kutu, ya grisi ya mafundi waliokuja kujenga kiwanda cha saruji, hata ya utomvu wa ndizi ambao mama zetu hutuambia tusihangaike nao.

"Ni mimi," alisema. "Nionyeshe."

Mangeni alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na gauni jeupe la Jumapili, kola yake imeshonwa kwa mkono. Chini ya kiuno, kwa mbele, palikuwa na doa la kahawia lenye upana wa kiganja.

"La mke wa mwanangu," alisema mzee. "Taaka. Alikuja huku kujifungua. Tulirudi naye kwenye lori la pamba, yeye na mtoto wake, wote wawili wamefunikwa."

Ochen aliondoka dirishani.

"Pole sana, baba," alisema Amuge.

"Ameacha msichana, Anyango, wa miaka sita. Jumamosi tunanyoa nywele na kugawa vitu vya marehemu. Sufuria zilikwenda kwao, kanga zilizikwa naye. Limebaki hili tu. Wazee wanasema nguo yenye damu ya mzazi haipewi mtoto, huchomwa moto. Nikawaomba wanipe siku nne."

Amuge alilipeleka gauni puani, kisha akasugua doa kwa ukucha. Lilikuwa limekakamaa kama gome.

"Mlilichemsha?"

"Wanawake walilichemsha. Kwetu nguo iliyotoka hospitali haiingii nyumbani kabla ya kuchemka."

Amuge alifumba macho kidogo. Damu huogopa maji baridi. Ukiiwahi kwa maji ya kisima itakuaga bila ugomvi, lakini ukiipika inashika uzi na kuwa sehemu ya nguo. Alitaka kumwambia mzee hivyo. Akamtazama usoni, akaona kuwa wale wanawake walikuwa wamechochea moto ule kwa mapenzi yao yote, na kwamba mzee huyu asingeweza kubeba habari hiyo njia nzima hadi Busia.

"Litatoka," alisema.

"Kuna jambo lingine, mwanangu. Kwetu nguo ya marehemu haitumwi. Aliyeiosha huileta mwenyewe, akasema mbele ya watu kuwa ni safi. Utakuja?"

"Nitakuja Jumamosi. Nimesema."

Mzee aliinama, akapita tena katikati ya mashuka, akaenda zake.

Jumatano Amuge aliliroweka gauni katika maji baridi na kulifua kwa sabuni ya kipande. Povu lilitoka jeupe kama lilivyoingia. Alhamisi asubuhi alikamua ndimu juu ya doa, akanyunyiza chumvi, akalianika juani; jioni akajaribu maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kama alivyofundishwa na mama yake. Doa lilipauka kidogo pembezoni, lakini katikati lilimkodolea macho kama jicho la mtu asiyelala.

"Hilo limekushinda, dada," alisema Ochen, akimenya viazi mlangoni. "Mwambie mzee ukweli. Hata daktari hushindwa."

"Daktari hakumwahidi mtu."

"Ndiyo maana analala vizuri."

Ijumaa asubuhi memsahibu alipita na kuliona gauni kwenye beseni. Aliuliza ni la nani, na Amuge akamweleza kwa maneno machache. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikunja uso kwa huruma, akaingia ndani, akarudi na kopo la kijani lenye picha ya mwanamke anayecheka.

Amuge alilijua kopo hilo. Unga wake ulikuwa mweupe na ulichoma pua. Kila wiki aliutumia kusugua beseni la kuogea, sinki, jiko na vigae, na kila wiki ngozi ya vidole vyake ilichubuka. Lakini ni kweli kwamba hakuwahi kuona uchafu uliostahimili unga ule. Hata weusi wa masizi uliondoka kama uliofukuzwa na askari.

"Hii toa kila kitu," alisema memsahibu, akigonga maandishi ya kopo kwa kidole. "Ukuta, sufuria, nguo. Imeandikwa. Chukua."

Amuge alishukuru kwa magoti. Alikoroga unga na maji, akaupaka juu ya doa, akauacha huku akipiga pasi vitambaa vya meza vya wageni wa kesho. Alipomwaga maji ya kwanza moyo wake uliruka. Doa halikuwapo. Mahali pake palikuwa peupe kuliko gauni lote, peupe kama karatasi.

"Ochen, njoo uone."

Ochen alikuja, mikono ina unga wa ngano. Alitazama, akapiga mluzi. "Wazungu wameshinda kifo, dada."

"Usikufuru."

Alilisuuza mara mbili, kisha akalikamua taratibu, kama anayekamua nguo ya mtoto mchanga. Hakusikia sauti yoyote. Alihisi tu kitambaa kikilegea vidoleni, na alipolikunjua gauni, pale palipokuwa na doa palikuwa na tundu. Nyuzi zilikuwa zimekuwa uji. Unga ulikuwa umeondoa kila kitu, kama ilivyoandikwa.

Ochen alitazama chini, kisha akarudi jikoni bila neno la mzaha, na kwa Ochen huo ulikuwa msiba kamili.

Amuge alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakulia. Alimfikiria Taaka, ambaye hakuwahi kumwona, akishona kola ile kwa mkono, mshono baada ya mshono, kwa ajili ya Jumapili ambazo alidhani ni nyingi. Kisha akaenda chumbani kwake nyuma ya ua, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na shuka jeupe la pamba ya marekani, halijaguswa na maji. Mjane asiye na mtoto hujinunulia sanda mapema, asije akazikwa katika gunia la watu. Alikata kipande kwenye pembe, kipana kidogo kuliko kiganja, akaketi mlangoni palipo na mwanga, akashona hadi jua lilipogusa mwamba.

Jioni alimwomba memsahibu ruhusa ya Jumamosi.

"Kesho wageni kumi na wawili," alisema memsahibu. Alionekana amechoka. "Mimi nimekupa dawa. Sasa tuma mtu."

"Haitumwi, memsahibu. Nilisema nitaipeleka mwenyewe."

"Ukienda kesho, Jumatatu usirudi."

Amuge aliinamisha kichwa. Miaka tisa ilipita mbele yake, pamoja na chumba chenye mlango unaofungwa. "Nimesikia," alisema.

Alfajiri Ochen alimngoja langoni na viazi vya kuchemsha ndani ya jani la mgomba. "Wewe unakwenda kweli," alisema. "Nilidhani nitakuona ukigeuka."

"Nipigie pasi vitambaa vya meza. Vimebaki vinne."

Lori la pamba lilimshusha Busia kabla ya adhuhuri, naye akatembea hadi nyumbani kwa Mangeni. Watu walikuwa wameketi uani, vichwa vimenyolewa vinang'aa. Kando ya jiwe la kusagia moto mdogo ulikuwa umewashwa tayari, na Amuge alijua ni wa nini.

Mzee Maloba, aliyeongoza shughuli, alimwita katikati.

"Wewe ndiye uliyeosha?"

"Ni mimi."

"Damu imetoka?"

Alikuwa ameushona mshono mdogo sana. Angesema ndiyo na kulikunja gauni, pengine hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amekuja kusema mbele ya watu.

"Imetoka," alisema. "Na mahali pake pametoka pia. Nilitumia dawa kali ya Wazungu, ikala kitambaa. Nimeweka kiraka cha nguo yangu mwenyewe. Haijavaliwa na mtu, wala haina damu ya mtu."

Mwanamke mmoja aliguna. Maloba alilichukua gauni, akaliinua kwenye jua, akapitisha kidole gumba juu ya kiraka. Mangeni alikuwa anatazama ardhi.

"Mtoto alete kichwa avishwe," alisema Maloba hatimaye.

Walimvisha Anyango juu ya nguo yake ya kila siku. Gauni lilimfika hadi chini na kuburuza majivuni. Msichana alijitazama, akakigusa kiraka, kisha akamtazama yule mama mgeni.

"Hii ni ya mama?"

Amuge alichuchumaa mbele yake.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Iliyobaki yote ni ya mama."

Mtoto alifikiri, akakubali kwa kichwa. Mtu mmoja akaumwagia ule moto maji.