Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Mimi ni fundi cherehani, na mashine iliyozidi miaka ishirini siiamini hata kidogo. Kwa hiyo Mama aliponiambia nipeleke gari la marehemu baba gereji likaangaliwe kama ni la kutunza au la kukatwa chuma chakavu, sikubisha. Lilikuwa gari la spoti lenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa liongeze kasi, milango miwili, umri wake miaka thelathini na moja, yote mikononi mwa Baba. Mama alikuwa akiliita mke mwenzake, na hakuwa anatania sana.

Kisa chenyewe ni hiki. Kila jioni Baba alipomaliza kupanda kilima cha kuja kwetu na kufika nyumbani, hakuzima gari. Alikaa ndani peke yake, injini ikinguruma, dakika mbili nzima, ndipo akaingia. Mama akimuuliza, jibu lilikuwa moja tu: "Gari linapumzika." Maneno hayo Mama hakuwahi kuyameza. Miaka yote aliamini mumewe anajikaza kwanza kabla ya kumkabili, kama mtu aliyefika mlangoni kwa daktari wa meno.

"Nakwenda na wewe," aliniambia asubuhi ile. "Nataka nimsikie huyo fundi atasema nini juu ya ule uongo."

Fundi wa gereji alikuwa mnene, miwani yake imefungwa kwa waya, mdomo haupumziki. Alifungua boneti, akaguna.

"Haya ya zamani yenye tabo yana sifa mbaya, dada, lakini wengi wanayaua wenyewe. Humu ndani ya tabo kuna kijiti cha chuma. Kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na hakishikiliwi na kitu ila oili. Sasa wewe umetoka kupanda mlima, unazima hapohapo. Oili inasimama, chuma bado cha moto, oili inaungua inageuka masizi. Tabo kwisha."

"Na mtu asipozima hapohapo?" Mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Akiliacha lingurume dakika mbili, linapoa. Wateja wangu wote wanaapa wanafanya hivyo, mama. Nikifungua, masizi matupu."

"Basi fungua."

Alifungua. Nilimwangalia Mama tu, alivyoukamata mkoba wake kwa mikono miwili.

Fundi alitoa mabomba ya tabo, la oili na la hewa, akamulika tochi, akatikisa kile kijiti kwa vidole. Akatikisa tena. Kisha akatuonyesha alama za rangi za kiwandani juu ya nati, bado nzima. Tabo ilikuwa ileile ya kiwandani, haijawahi kukarabatiwa. Ndani yake hakukuwa na masizi hata ya kupaka ukucha.

"Miaka thelathini na moja," alisema polepole. "Huyu mtu hakukosa hata siku moja."

Aliniambia niguse. Nilisukuma kwa ncha ya kidole kigurudumu kidogo kilichofungwa kwenye kile kijiti, kikazunguka kimya kabisa. Kijiti chembamba kuliko kalamu, kimebeba vilima vyote vile, na bado kinateleza kama uzi mpya kwenye bobini ya cherehani. Nilijiona mjinga kwa dharau zangu zote.

Fundi alipokwisha kufunga kila kitu, tukarudi nyumbani. Tulipanda kilima, nikaegesha pale pale alipokuwa akiegesha Baba, nikapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Liache," alisema. "Linapumzika."

Tukakaa. Mbele yetu, mkabala na kioo cha gari, lilikuwa dirisha la jikoni, ambako kila jioni Mama alisimama kuhesabu dakika kwa hasira. Alilitazama muda mrefu, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Kumbe alikuwa ananiona," alisema.

Dakika mbili ziliisha. Nikaongeza ya tatu, ndipo nikazima.