Ukuta wa Mama Mkwe

Mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa Kolwezi, Muteba mwashi, mmoja wao, hakulilia kazi wala mizigo. Alililia nyumba. Aliijenga mwenyewe, na sasa vijana wa mtaa walikuwa wanazunguka wakichagua nyumba za kunyakua.

Jirani yake Mbayo, karani, mwenyeji wa Katanga, akapata wazo. "Tuvunje ukuta wa katikati. Parseli mbili, kiwanja chako na changu, zinakuwa moja, yote yangu. Ukirudia, tunajenga tena."

Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa Mbayo nikingoja lori la kwenda Kisenge. Nikapewa nyundo.

"Tata Muteba, msingi gani huu?" Mbayo alihema. "Ulikuwa unazuia maji ya bwawa la Nzilo?"

"Nilikuwa nazuia maji ya vyombo vyako. Mufereji wako haukujua hata siku moja kwenye kuteremukia."

Ukuta ulipoisha kuvunjwa, Muteba akaenda stesheni, na vijana wakaja. "Hii nyumba ya pili ni ya nani?"

Mbayo akababaika. "Ya... mama mukwe wangu. Anatoka Lubudi."

"Muzuri. Tutarudi kumusalimia."

Ikabidi mke wa Mbayo, Laurentine, aende Lubudi kumleta mama yake. Hapo ndipo akili ya karani ilipogota. Kwao, mtu hatazamani na mama mkwe. Akimwona njiani anakata kona. Sasa mama huyo, Mama Bilonda, amekaa barazani kwa Muteba, ukuta hakuna, na choo cha Mbayo kiko mbele ya macho yake. Mbayo akawa anakwenda haja amejifunika uso kwa beseni. Mama naye alijifunika kitenge mpaka akachoka.

"Laurentine, mi narudia kwetu. Hii ni haya gani?"

Akiondoka, nyumba imekwenda. Nikakimbia stesheni, Muteba alikokuwa anangoja treni na wenzake. Akarudi na mwiko wake.

"Karani anajua kuvunja tu," alisema, akapanga tofali zilezile. Simenti hakuna, nikamkandia udongo.

Alikuwa amebakiza mstari wa juu tu, vijana wakatokea. "We Mukasai, bado uko hapa?"

Mama Bilonda akafoka kutoka ndani: "Muache fundi wangu amalize! Munataka mukwe wangu anione?"

Wakatazamana. Hata wao walikuwa na mama wakwe. Mmoja, aliyeoa juzijuzi, akaokota tofali akampokeza Muteba.

"Tata Muteba, ukuta umelala kidogo," Mbayo aliita kutoka upande wake.

"Umelala kwako. Usiuguse."

Akanawa mikono, akampa Mama Bilonda ufunguo, akashika njia ya stesheni.