Nani Amekwambia Zimekufa?

Vumbi lilikuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha la karakana ya Baba, polepole, kama lina siku nzima. Vumbi juu ya rafu, vumbi juu ya jiliwa la kubania vyuma, vumbi juu ya mabawa ya vindege alivyoviunda Baba, vinavyoning'inia darini. Na mlangoni boksi jipya, safi, limeandikwa kwa kalamu nene: INJINI MFU.

Ndani yake injini kumi na moja za vindege, kila moja ya kuenea kiganjani. Dada mtu, fundi wa vyerehani, aliyasoma yale maandishi mara mbili. Damu ikamchemka.

"Nani amekwambia zimekufa?"

"Hazizunguki," kaka mtu akajibu. "Nimejaribu na koleo."

Na koleo! Alama za meno zilikuwa wazi kwenye chuma ambacho Baba hakishiki ila kwa kitambaa laini. Mwanamume mzima, shati jeupe limenyooka, ameng'ata mali ya watu kama fisi, kisha anatangaza msiba.

Wala si injini tu. Kando ya boksi kulikuwa na mifuko miwili: nguo za Baba, viatu vya Baba, miwani ya Baba. Karakana inageuzwa chumba cha wageni. Na Baba mwenyewe yuko palepale, chumba cha pili, mlango wazi, kitandani, masikio mazima. Kiharusi kimemfunga ulimi tu, miezi miwili sasa.

"Baba alikuwa anayapenda sana haya madude," kaka mtu akasema, kwa sauti.

Alikuwa! Mtu yu hai, anakusikia, unamwambia alikuwa! Nani amekwambia? Nani?

Dada mtu akaokota injini moja, akaisugua kwa kidole gumba mpaka namba ikajitokeza chini ya masizi. Haina plagi, kichwani ina skrubu ya kukaza. Basi hii ni ya dizeli, ndiyo iliyokuwa ikirusha kile kindege chekundu pale juu. Haikufa hii. Ilinyamaza. Mafuta ya mbarika yameganda ndani yamekuwa gundi, na gundi haitaki koleo. Inataka joto, na mtu asiye na haraka.

Akaipasha juu ya pasi, pasi ileile iliyonyoosha shati la kaka mtu. Akatia tone la mafuta. Akaizungusha kwa kidole, kidogo, kidogo. Ikagoma. Ikagoma. Ikalegea.

"Unajisumbua bure, dada."

"Nyamaza. Umeshasema ya kutosha."

Akaifunga kwenye jiliwa, akaipa propela na mafuta ya Baba, akapiga propela kwa kidole. Ikakohoa. Akapiga tena. Ikalia, kwa kukwaruza, kwa hasira, kama yeye.

Ndipo akaona, kule kitandani, kidole gumba na cha shahada vimeinuka juu ya shuka, vinageuka kulia. Kidogo tu. Kaza.

Akakaza ile skrubu ya kichwani. Sauti ikanyooka, moja, nyembamba, ikajaza nyumba.

Upepo wa propela ukafagia rafu. Vumbi lote likainuka, likajaa kwenye mwanga, likatua juu ya lile shati jeupe. Kaka mtu hakulipangusa. Alikuwa anautazama mkono wa baba yake.

"Rudisha nguo zake kabatini," dada mtu akasema. "Anza na miwani."